Nasaba za Wanyama Wanyonyeshao, kwa Ushahidi wa Kilwa Mbili

Kuna Kilwa mbili ambazo msomaji hana budi kuzitofautisha kabla sijaingia katika maudhui yenyewe: moja ni Kilwa Kisiwani, katika pwani ya kusini ya Tanzania, yenye magofu ya msikiti mkuu na ya Husuni Kubwa, ambayo Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 na kuisifu; na ya pili ni kisiwa kilichomo ndani ya ziwa Mweru, katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, ambacho jina lake, yaelekea, lilipelekwa huko na watu wa misafara ya Pwani waliokwenda bara kutafuta pembe za ndovu na, kwa masikitiko, kutafuta watu. Mji wa tatu wa jina hilo, ulioko ng'ambo ya magharibi ya ziwa upande wa Kongo, nauacha, kwa kuwa mnyama hajui mpaka. Kilwa hizi mbili zipo takriban katika mstari mmoja, nyuzi tisa kusini ya Ikweta, na baina yao pana masafa ya zaidi ya kilomita 1,100. Lakini moja imezungukwa na maji ya chumvi, na nyingine na maji matamu yaliyoinuka zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari.

Nimezitaja pamoja kwa sababu ya jambo la ajabu ambalo mtu hawezi kulibaini kwa macho. Katika bahari ya Kilwa ya kwanza anaishi nguva, ambaye jamaa zake wa damu hawamo katika bahari hiyo bali wako bara, miongoni mwa wanyama wa miombo ya Luapula. Na katika maji ya Kilwa ya pili anaishi kiboko, ambaye jamaa yake wa karibu kuliko wote si nguruwe wala kifaru, bali ni nyangumi apitaye nje ya pwani ya Kilwa ya kwanza kila mwaka baina ya Julai na Novemba. Atakayewapanga wanyama kwa makazi yao, au kwa sura zao, au kwa chakula chao, atakosea tena na tena. Na historia ya elimu hii, tangu ilipoanza hata leo, aghalabu ni historia ya makosa ya namna hiyo kusahihishwa moja baada ya jingine.

Tuanze na swali la msingi: mnyama gani anastahili kuingizwa katika tabaka hili tuliitalo mamalia, yaani wanyama wanyonyeshao? Wanazuoni wa Kiarabu walikuwa wameandika mengi juu ya hulka za wanyama, na Kitab al-Hayawan cha al-Jahiz wa Basra, kilichotungwa katika karne ya tisa, ni bahari ya habari. Lakini mpango tunaoufuata sasa uliasisiwa na Mswidi Carl Linnaeus, ambaye katika chapa ya kumi ya Systema Naturae, ya mwaka 1758, aliliacha jina la zamani la wanyama wa miguu minne, akawakusanya wote wenye matiti chini ya jina moja, na kwa hatua hiyo akamtoa nyangumi katika kundi la samaki alikokuwa amemweka yeye mwenyewe hapo kabla. Ulikuwa uamuzi wa hekima kubwa, ingawa ndani ya kitabu kilekile alimweka kifaru pamoja na panya na nungu, akamweka kiboko pamoja na farasi, na akawaunganisha ndovu na kakakuona. Jambo linaloonyesha kwamba mtu aweza kuujua mlango wa nyumba bila ya kuvijua vyumba vyake.

Maziwa ndiyo dalili ya kwanza, na nywele ni ya pili, hata kwa wale ambao tungeapa kwamba hawana. Kiboko ana nywele ngumu chache puani na ncha ya mkia. Nyangumi mwenye nundu ana vinundu kichwani, na katika kila kinundu umeota unywele mmoja. Na magamba ya kakakuona yameumbwa kwa kitu kilekile kiumbacho kucha zetu na nywele zetu. Dalili ya tatu imefichika, na kwangu mimi ndiyo ya kustaajabisha kuliko zote: ndani ya sikio la kila mnyonyeshaji mna vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, vinavyopokezana mtikisiko wa sauti hadi kwenye sikio la ndani. Mamba wa ziwa Mweru ana kifupa kimoja tu mahali hapo, na taya lake la chini limeungwa kwa mifupa mingi. Mnyonyeshaji kila upande wa taya lake la chini ni mfupa mmoja mzima. Masalio ya kale yaliyogeuka mawe yametubainishia sababu, kwani yanaonyesha, hatua kwa hatua, jinsi mifupa miwili iliyokuwa bawaba ya taya ilivyonywea na kuhamia sikioni, hata kile alichotafunia babu, mjukuu akawa anasikilizia. Fauka ya hayo kuna kiwambo kinachotenga kifua na tumbo na kuyasukuma mapafu, na kuna idadi ya pingili za shingo, ambazo ni saba kwa twiga na saba kwa panya, isipokuwa kwa wanyama wachache sana wa Amerika na jamaa mmoja wa nguva.

Mgawanyo mkubwa wa kwanza ni wa namna ya kuzaa. Wapo wanaotaga mayai, nao wamebaki spishi tano tu duniani, katika Australia na kisiwa cha New Guinea. Mmoja wao ana mdomo mpana kama wa bata, na ngozi yake ilipofika London, George Shaw wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, alipomweleza mwaka 1799, hakuficha shaka yake kwamba huenda mtu amemshonea mnyama mdomo wa ndege kwa hila. Hao hawana chuchu; maziwa huchuruzika ngozini na mtoto huyaramba. Wapo wa pili, wenye mfuko wa kulelea, ambao Afrika haina hata mmoja leo: kangaruu mwekundu hubeba mimba kwa siku 33 hivi, akazaa kiumbe kisichofika gramu moja, kipofu, kisicho na nywele, ambacho hujiburura chenyewe hadi mfukoni na kukamata chuchu, na huko ndiko umbo lake linakokamilika. Na wapo wa tatu, ambao ndio sisi na wanyama wote wanyonyeshao wa bara letu, ambao mtoto hulishwa katika mji wa mimba kwa kondo la nyuma hata awe tayari. Na ndovu, afikaye kilele cha desturi hiyo, huchukua mimba miezi 22 na kuzaa ndama wa kilo 100 au kupita, anayesimama kwa miguu yake siku ileile.

Sasa, ndani ya kundi hili la kondo ndimo ulimokuwa ugomvi. Kwa zaidi ya karne mbili wanazuoni walipanga kwa meno, kwato na mafuvu, wakapata makundi mengi ya haki: wagugunaji, popo, walanyama, wenye kwato za shufwa, wenye kwato za witiri, na kadhalika. Lililowashinda ni kujua kundi gani lina udugu na lipi, mpaka ilipowezekana kusoma chembe za urithi zenyewe, zilizomo ndani ya kila tone la damu, na kuzilinganisha herufi kwa herufi. Mwaka 2001 matokeo yakatangazwa na makundi mawili ya watafiti waliofanya kazi kila kundi peke yake wakafikia shauri moja: wanyama wote wa kondo ni mbari nne. Moja ni ya Amerika ya Kusini, ya akina kakakuona wa huko wasiohusiana na wetu, na sitairejea tena. Ya pili ni ya Afrika. Ya tatu ina wagugunaji, sungura na sisi wenyewe. Ya nne ina popo, walanyama, kakakuona wetu na wenye kwato.

Mbari ya Afrika inastahili kukaa nayo kitako, kwa kuwa ni yetu, na kwa kuwa hapana mtu aliyeitazamia. Mwaka 1998 jopo lililoongozwa na Michael Stanhope liliipa jina Afrotheria, na ndani yake likawaweka pamoja ndovu, nguva, pimbi, muhanga, sange na fuko wa dhahabu. Orodha ambayo, lau ingalisomwa mbele ya baraza la wawindaji wa Luapula, ingaliangusha kicheko. Ni udugu gani uliopo baina ya ndovu, ambaye Wabemba humwita insofu, na pimbi wa mawe mwenye uzito wa kilo tatu au nne, alalaye juani kama paka mvivu?

Mtazame pimbi vizuri. Meno yake mawili ya mbele ya juu hayaachi kukua, yamechongoka na kujitokeza, nayo ni meno ya jinsi ileile ambayo kwa ndovu yamerefuka yakawa pembe. Kwani pembe ya ndovu, iliyouzwa na kununuliwa toka Mweru hadi Unguja, si pembe hata kidogo bali ni jino la mbele, ilhali jino kubwa la ngiri ni chonge. Vidole vya pimbi vina kucha bapa zinazoelekea kuwa vikwato, wala si makucha ya panya. Mimba yake huchukua zaidi ya miezi saba, muda wa ajabu kwa mnyama mdogo hivyo, na mtoto huzaliwa na manyoya tele na macho wazi. Korodani za dume hubaki ndani ya tumbo maisha yote, na za ndovu ni hivyohivyo. Katika bonde la Fayyum huko Misri yamefukuliwa mabaki ya pimbi wa kale, wa zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, na baadhi yao walifikia ukubwa wa kifaru. Basi pimbi wa leo ni mzao mdogo aliyesalia wa ukoo uliokuwa na enzi.

Nguva naye ana ushahidi wake. Hula hasa nyasi za baharini, na mifupa yake ni mizito mno, imsaidie kutulia chini anapolisha. Dume lake aliyepevuka hutokeza meno mawili ya mbele, mfano wa pembe ndogo. Na matiti yake ni mawili, yako kifuani karibu na makwapa, mahali palepale yalipo matiti ya ndovu, baina ya miguu ya mbele. Wala sioni haja ya kutafuta mbali chanzo cha hadithi za mabaharia juu ya mwanamke aliye nusu samaki. Wavuvi wa Rufiji, Mafia na Kilwa ndio waliobaki na nafasi ya kumwona katika Tanzania, naye amekuwa adimu kiasi kwamba, Desemba 2022, shirika la uhifadhi la IUCN liliwaorodhesha nguva wa Afrika Mashariki katika daraja ya wale walio ukingoni kabisa mwa kutoweka, kwa makisio kuwa waliopevuka hawafiki 250.

Muhanga na sange wananipendeza zaidi, kwa sababu hao ndio waliowadanganya mahodari. Muhanga huchimba usiku kutafuta mchwa, ana ulimi mrefu wenye ulendalenda, na kakakuona wa nchi kavu, ambaye hukaa katika miombo ileile na kula wadudu walewale, ana ulimi mrefu wenye ulendalenda vilevile. Nani asingewaita ndugu? Lakini muhanga ana magego ya namna yake, yasiyo na lile ganda gumu la juu, yaliyojengwa kwa vijineli vingi vilivyobanana, na nasaba yake yaenda kwa ndovu, ilhali kakakuona hana jino hata moja, na jamaa zake wa karibu, kwa hukumu ya chembe za urithi, ni walanyama, yaani simba na mbwa. Kazi moja imewapa wageni wawili zana moja. (Huyu kakakuona, ambaye katika sehemu nyingi za Tanzania huwekewa maji, nafaka na silaha ili achague na watu wabashiri mwaka utakavyokuwa, biashara yake baina ya mataifa ilipigwa marufuku na mkutano wa CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, na bado magamba yake hukamatwa bandarini kwa magunia.)

Sange ni kisa cha namna hiyohiyo. Ana pua ndefu inayochezacheza, hupekua majani makavu kutafuta wadudu, na kwa miaka mingi alihesabiwa pamoja na kirukanjia. Spishi moja yenye madoa mgongoni imeenea toka Msumbiji na Tanzania hadi kaskazini mwa Zambia. Mwaka 2008 Galen Rathbun, Francesco Rovero na wenzao waliitangaza spishi mpya kutoka milima ya Udzungwa, yenye uso wa kijivu na uzito wa takriban gramu 700, kubwa kupita sange wote waliokuwa wakijulikana. Nayo ilikuwa ikitembea mchana kweupe katika msitu wa Tanzania, ikingoja kutambuliwa. Kirukanjia hana uhusiano na ukoo huu. Yeye ni wa mbari ya nne, pamoja na popo na ng'ombe.

Sababu ya udugu huu wa viumbe wasiofanana ni jiografia. Afrika ilikuwa bara lililotengwa na bahari kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na wahenga wa mbari hii wakabaki peke yao humu, wakagawana kazi zote zilizokuwapo: huyu akawa mkubwa wa kuangusha miti, yule akachimba, mwingine akashuka majini, mwingine akabaki mdogo wa kukimbia chini ya vichaka. Ardhi ilipoungana na Asia, miaka milioni ishirini na kitu iliyopita, ndipo walipomiminika wageni toka kaskazini. Na katika wageni hao walikuwamo wahenga wa swala, wa nyati, wa paka wakubwa, na baadaye sana wa punda milia. Mtalii ajaye kuiona Afrika halisi hutaka aonyeshwe simba, naye simba ni mhamiaji. Mwenyeji wa asili ni pimbi, ambaye hakuna anayesimamisha gari kwa ajili yake.

Tukirudi majini, tumkute kiboko, ambaye watu wa Luapula humwita imfubu, na ambaye wavuvi wa samaki waitwao pale na chisense wana kila sababu ya kumchelea, kwani hupasua nyavu na kupindua mitumbwi. Kwa muda mrefu alipangwa na nguruwe, kwa hujja ya magego na idadi ya vidole. Lakini katika miaka ya 1990 chembe za urithi zilianza kunena jambo jingine, na mwaka 1999 Norihiro Okada na wenzake wa Tokyo wakaleta ushahidi mzito: katika maandishi ya urithi ya kila mnyama hujipachika, kwa nadra na kwa bahati tu, vipande vya ziada vinavyorithiwa na wazao wote, na vipande kadhaa walivyovikuta kwa kiboko na kwa nyangumi, mahali palepale, havikuonekana kwa nguruwe, wala kwa ngamia, wala kwa ng'ombe. Haiyumkini wawili hao wavipate mahali pamoja kwa sadfa.

Wafukuaji wa mifupa, ambao hapo mwanzo hawakuridhika, waliridhishwa mwaka 2001, yalipoelezwa masalio kutoka Pakistan ya nyangumi wa kale waliokuwa bado na miguu minne. Mfupa wa kifundo chao una mabonde ya kuzungukia juu na chini, kama magurudumu mawili ya kapi. Na umbo hilo halipatikani kwa mnyama mwingine yeyote duniani isipokuwa wenye kwato za shufwa: ng'ombe, mbuzi, swala, ngamia, nguruwe na kiboko. Na huko Misri, si mbali na Fayyum, kuna jangwa liitwalo Wadi al-Hitan, yaani Bonde la Nyangumi, lililotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2005, ambamo mifupa ya nyangumi wa kale imelala juu ya mchanga, na baadhi yao wana miguu ya nyuma midogo, yenye magoti na vidole, isiyoweza kubeba uzito wowote. Kenya nayo ina sehemu yake katika habari hii, kwa kuwa mwaka 1964 huko Loperot, Turkana, mamia ya kilomita toka baharini, lilipatikana fuvu la nyangumi wa miaka milioni 17 iliyopita, aliyepanda mto akafa bara.

Mwenye kuona kwa macho aweza pia kupata fununu. Samaki hupiga mkia kulia na kushoto. Nyangumi na pomboo huupiga juu na chini, kwa sababu uti wao wa mgongo ni uti wa mnyama akimbiaye, unaokunjika na kunyooka kama wa swala. Kiboko huzaa majini, hunyonyesha majini, na hutoa sauti chini ya maji. Hata hivyo si halali kusema kwamba nyangumi ametokana na kiboko. Walikuwa na mhenga mmoja, yapata miaka milioni 55 iliyopita, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Jamaa zao wengine wa shufwa nitawapitia upesi. Walio wengi ni wacheuao, wenye tumbo la vyumba vinne, ambamo vijidudu huyavunja majani magumu ambayo tumbo letu lisingeyaweza; na pembe za ng'ombe, mbuzi na swala miongoni mwao ni mfupa uliovishwa ala, nazo hazianguki. Nzohe wa vinamasi vya Bangweulu ana kwato ndefu zinazopanuka asizame topeni. Kuro mmoja wa nchi hizi amepewa jina la Richard Crawshay, aliyekuwa afisa katika pwani ya Mweru mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wenye kwato za witiri, ambao uzito wao huangukia kidole cha kati, wamekuwa haba: punda milia, farasi, punda, vifaru, na tapiri wa nchi za mbali. Vifaru weusi waliokuwa wakijulikana sana pande za Mweru Wantipa waliangamizwa, na mwaka 1998 Zambia ilitangaza kwamba haina kifaru mweusi tena. Watano wakaletwa katika hifadhi ya Luangwa Kaskazini mwaka 2003 kuanza upya.

Walanyama nao hutambulikana kwa gego moja la juu na moja la chini, kila upande, yanayopishana kama makali ya mkasi. Wao ni matawi mawili, la paka na la mbwa, na hapa tena macho hudanganya, kwa maana fisi, aliye na sura ya mbwa na mwendo wa mbwa, ni wa tawi la paka, jirani wa nguchiro na ngawa. Bali fisi maji, mwizi wa samaki katika nyavu za Mweru, hana nasaba na fisi, ni wa tawi la mbwa, pamoja na nyegere na kicheche.

Popo ni moja ya tano ya spishi zote za wanyonyeshao, na bawa lake ni mkono, vidole vikiwa vimerefushwa na kutandikiwa ngozi. Kusini ya Luapula, katika hifadhi ya Kasanka, kila mwaka baina ya Oktoba na Desemba hukusanyika popo wala matunda wanaokadiriwa kufikia milioni 10 katika kisitu kidogo cha bondeni, ambacho wenyeji hukiita mushitu. Baadhi yao, waliofungwa vyombo vya kufuatilia, walionekana wakielekea ndani kabisa ya Kongo. Hapana mkusanyiko wa wanyonyeshao unaojulikana Afrika unaoufikia huo kwa wingi wa vichwa.

Imebaki mbari ya tatu. Wagugunaji peke yao ni yapata mbili ya tano ya spishi zote: panya, kindi, nungu, ndezi wa matete, na fuko wa chini ya ardhi, ambaye Wabemba humwita imfuko na humla kwa furaha, wote wana jozi moja ya meno ya mbele juu na jozi moja chini, yanayokua maisha yote. Sungura si mmoja wao, ingawa ni jirani, kwani nyuma ya jozi yake ya juu imefichwa jozi nyingine ndogo. Na jirani mwingine wa karibu wa hao wote ni kundi la komba, tumbili, nyani mdogo wa Kinda apatikanaye kaskazini mwa Zambia, sokwe na mwanadamu: wenye macho ya kutazama mbele, mikono ya kushika, na kucha bapa. Kwa hesabu ya nasaba ya mwili, basi, panya ni jamaa yetu wa karibu kuliko mbwa alalaye mlangoni petu. Na anayeona uzito kulikubali hilo akumbuke kwamba dawa nyingi azimezazo zilijaribiwa kwanza kwa panya.

Namaliza na mnyama mmoja ambaye mipango yote hii haiwezi tena kumfaa kitu. Katika mabonde ya mito Luongo na Kalungwishi, huu wa pili ukiwa ndio umwagao maji yake ziwani Mweru, aliishi lechwe wa aina yake, swala wa nyanda za maji, aliyetangazwa na Walter Rothschild mwaka 1907. Ametoweka kabisa. Ndugu yake, lechwe mweusi, yupo Bangweulu, wala kwa asili hapatikani mahali pengine popote duniani. Ninawasihi wasomaji wa Nchelenge, Kawambwa na Kashikishi: mwenye mzee aliyewahi kusimuliwa habari za swala huyo na baba zake, na amwulize rangi yake, majira yake ya kuzaa na mahali alipolisha, ayaandike yote, na nakala aipeleke shuleni; kwa kuwa vitabu vina jina lake na ngozi chache, na zaidi ya hapo havina mengi.